Kabla Chupa ya Kihonda Haijafika Bagamoyo

Kutoka Kihonda, mjini Morogoro, hadi ufukweni ni safari ya karibu kilomita 200 kwa barabara, na wakazi wengi wa kata hii hawana sababu ya kuiwaza bahari wanapofagia uwanja asubuhi. Maji, hata hivyo, yana njia yake. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Uluguru hushuka mjini kwa mito ya Morogoro, Kikundi na Bigwa. Mto Ngerengere, baada ya kutoka Bwawa la Mindu, hupita pande za Mazimbu na Kihonda ukipokea maji ya mitaro yetu. Kisha huelekea mashariki hadi unapoungana na Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kwenye mikoko ya karibu na Bagamoyo. Njiani maji hayohayo ya Ruvu huvutwa na mitambo inayohudumia sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam.

Chupa ya maji iliyoachwa kando ya mtaro wa Kihonda Maghorofani mwezi wa pili ina njia ya kwenda mbali masika yakianza. Si kila chupa hufika baharini. Nyingi hunasa kwenye matete, hufukiwa na mchanga au huziba kalavati la jirani. Jua huifanya plastiki iwe kavu na rahisi kuvunjika, nayo huanza kumeguka vipande, na kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo maji yanavyovibeba kwa urahisi. Vikishakuwa vidogo kuliko punje ya mchele hakuna mtu wa kuviokota tena. Samaki na wadudu wa majini huvimeza, na bado ni plastiki ileile.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mwaka 2010 pekee, kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi kavu duniani kote. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulihesabu plastiki yote iliyowahi kutengenezwa hadi mwaka 2015, zaidi ya tani bilioni 8. Katika taka zilizotokana nayo, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa, 12 zilichomwa, na zilizobaki zipo kwenye madampo na kwenye mazingira. Sehemu ya hizo zilizobaki ipo kwenye kingo za Ngerengere.

Bakteria wanaokula plastiki

Siku hizi swali linalosikika mara nyingi, hasa kwa vijana, ni hili: si tumeambiwa wamepatikana bakteria wanaokula plastiki? Kwa nini tuhangaike kuokota? Swali ni la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu habari yenyewe ni ya kweli.

Machi 2016, Shosuke Yoshida na watafiti wenzake wa Japani walitangaza bakteria waliyempata karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa katika mji wa Sakai. Walikuwa wamekusanya sampuli 250 za udongo, tope na maji machafu zilizochanganyika na mabaki ya plastiki. Walimpa jina Ideonella sakaiensis. Bakteria huyo hutumia plastiki ya aina ya PET, ile ya chupa za maji na soda, kuwa chakula chake. Ili kuelewa anavyofanya, chukulia plastiki kuwa shanga nyingi zilizotungwa kwenye uzi mmoja mrefu sana. Bakteria hawezi kuumeza uzi mzima, kwa hiyo hutoa vimeng'enya viwili: cha kwanza huukata uzi, cha pili hutenganisha vipande hadi zibaki shanga mojamoja, na hizo ndizo anazoweza kuzila. Katika maabara, kwenye nyuzijoto 30, alikaribia kumaliza utando mwembamba wa PET kwa takriban wiki 6.

Hapa Afrika Mashariki kazi hiyo inafanyika pia, na ningependa ijulikane zaidi kuliko ya Sakai. Mwaka 2018 Christabel Muhonja na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliotumia udongo wa dampo la Dandora, Nairobi. Walitenga bakteria na kuvu wanaoishi katikati ya taka, wakawawekea utando wa polithini, aina ileile iliyotumika kutengeneza mifuko ya rambo. Baada ya wiki 16, kuvu aliyefanya vizuri zaidi alikuwa amepunguza uzito wa plastiki hiyo kwa zaidi ya theluthi moja, na bakteria aliyeongoza alikuwa nyuma yake kidogo tu. Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo Kasarani, Nairobi, wakiongozwa na Fathiya Khamis, walieleza kuhusu buu wa mbawakawa mdogo anayepatikana Kenya. Walipowalisha mabuu hao polistirini, yaani ile plastiki nyeupe nyepesi ya vyombo vya kubebea chipsi, ikiwa imechanganywa na pumba, mabuu walivunja takriban asilimia 11.7 ya plastiki hiyo katika muda wa jaribio. Kazi hiyo ilisaidiwa na bakteria walio ndani ya matumbo yao.

Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini tazama masharti yake: maabara, joto linalodhibitiwa, utando mwembamba, na wiki nyingi. Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse pamoja na kampuni ya Carbios ya Ufaransa walionyesha kimeng'enya kilichoboreshwa kinachovunja asilimia 90 ya PET ndani ya saa 10. Kasi hiyo ni kubwa mno, ila ilihitaji nyuzijoto 72, ndani ya tangi, na plastiki iliyokwisha kuyeyushwa, kupozwa haraka na kusagwa kuwa unga. Baharini hakuna nyuzijoto 72. Kuna chumvi, kuna giza kule chini, na kuna vyakula vingine chungu nzima ambavyo bakteria atavipenda kabla ya chupa. Chupa ya kawaida, kwa jinsi inavyovutwa kiwandani, ina plastiki iliyojipanga kwa kubanana sana, na vimeng'enya hupata shida kuipenya. Polithini na polipropilini ni ngumu zaidi, kwani hazina vile viungo vya kemikali ambavyo vimeng'enya vya PET hushika ili kukata.

Kwa hiyo asitokee mtu akakwambia kuna dawa ya bakteria ya kumwaga mtoni au kwenye shimo la taka ikamaliza plastiki. Teknolojia hii, itakapokomaa, itakuwa kiwanda. Kiwanda hicho kitadai malighafi iliyokusanywa, iliyotenganishwa kwa aina na isiyo na uchafu, sawasawa na kiwanda cha kawaida cha kurejeleza kinavyodai leo. Bakteria hatashuka mtaroni kutafuta chupa. Atakayeshuka ni yule kijana mwenye kiroba mgongoni, anayeamka alfajiri kuokota chupa kabla gari la taka halijapita, na ambaye watu wengine bado wanamfukuza getini kama mwizi. Iwe plastiki itavunjwa na mashine au na kimeng'enya, mnyororo wote unaanza kwake na kwenye jiko lako. Nitakaa hapo kwa kirefu.

Kutenganisha nyumbani

Geuza chombo chochote cha plastiki utazame chini yake. Aghalabu utakuta pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 1 ni PET: chupa za maji, soda, juisi na mafuta ya kula. Namba 2 ni polithini nzito: madumu, chupa za sabuni ya maji, galoni. Namba 4 ni polithini laini ya nailoni na vifungashio vyembamba. Namba 5 ni polipropilini: vifuniko vingi, ndoo, mabeseni, viroba vya kufuma vya unga na mkaa. Namba 6 ni polistirini, zile sahani nyeupe nyepesi. Namba 3 ni PVC ya mabomba, na 7 ni mchanganyiko wa mengineyo.

Huhitaji kuzikariri zote. Kwa nyumba ya kawaida ya Kihonda, viroba viwili vinatosha: kimoja cha chupa za namba 1, kingine cha plastiki ngumu za namba 2 na 5. Hizo ndizo zenye soko la uhakika zaidi kwa wanaonunua kwa kilo. Namba ikiwa imefutika, kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye ndoo ya maji, ukikizamishe kwanza kwa kidole ili hewa itoke. PET na PVC huzama kwa sababu ni nzito kuliko maji, ilhali polithini na polipropilini huelea. Wasagaji wakubwa hutumia kanuni hiyohiyo: chupa zikisagwa pamoja na vifuniko vyake, matangi ya maji huvitenganisha. Kwa anayenunua mtaani bila tangi, ondoa kifuniko na uweke kwenye kiroba cha pili. Kamwe usitambue aina ya plastiki kwa kuichoma na kunusa moshi, ingawa wapo mafundi wanaofanya hivyo.

Suuza chupa kwa maji yaliyokwisha kutumika, ya kuoshea vyombo kwa mfano. Maji ya bomba ni ghali mno kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kuondoa sukari na mafuta, maana chupa yenye mabaki ya juisi huvuta nzi na hushusha thamani ya shehena nzima. Ikunje hewa itoke ndipo ufunge kiroba. Weka mahali penye kivuli pasiponyeshewa: kifuniko kilichogeuka juu au chupa iliyokatwa hukusanya maji ya mvua, na mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga mayai hata kwenye maji kidogo namna hiyo.

Chupa ya mafuta ya kula hupokewa na baadhi ya wanunuzi na kukataliwa na wengine, kwa hiyo uliza kwanza. Chupa iliyobeba mafuta ya gari, tindikali au dawa ya mifugo itengwe kabisa. Pakiti za biskuti, sabuni ya unga na kahawa zinazong'aa ndani zimetengenezwa kwa tabaka za vitu tofauti zilizobandikwa pamoja, na hakuna anayezinunua. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017 sababu iliyozungumzwa zaidi ilikuwa afya ya vijana, lakini mitaro nayo ilipumua. Kwa pakiti zilizobaki, njia iliyopo ni kununua kifungashio kikubwa kimoja badala ya vidogo kumi pale mfuko unaporuhusu, na zilizokwisha tumika kuzipeleka kwenye taka za kawaida zinazobebwa na gari.

Kama mtaa wako una nyumba nyingi za kupanga, jambo linalosaidia kuliko hotuba ni kukubaliana na mwokota chupa mmoja au wawili wanaojulikana, wawe wanapita siku maalumu. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awatambulishe kwa wakazi. Mwokotaji mwenye uhakika wa kupata kiroba safi kila wiki hatakuwa na sababu ya kupasua mifuko ya taka barabarani, na wenye nyumba hawatakuwa na hofu naye.

Rambo, mifuko mbadala na maneno yaliyoandikwa juu yake

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Kwetu Tanzania Bara marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Kanuni zake zinamgusa hata mtu wa kawaida: anayekutwa na mfuko wa kubebea anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Vifungashio vya bidhaa zinazohitaji kufungwa hivyo kiwandani havimo kwenye marufuku, na hapo ndipo mwanya ulipotokea. Vile vya kuangaza vinavyopaswa kufunga karanga vinatumika kubebea nyanya katika masoko yetu, Soko Kuu la Chifu Kingalu likiwemo.

Ile mifuko laini yenye sura ya kitambaa, ya rangi za kupendeza, watu wengi huidhani nguo. Ni polipropilini. Ubora wake uko kwenye unene, ndiyo maana kiwango kilichowekwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba: inatakiwa itumike mara nyingi. Unaochanika safari ya kwanza ni rambo kwa sura nyingine. Kikapu cha ukindu kilichokuwa kikibebwa na bibi zetu sokoni bado kinasukwa na bado kinauzwa, na kikichakaa hakuna atakayekikuta tumboni mwa samaki, au tumboni mwa mbuzi, ambamo madaktari wa mifugo hukuta mifuko iliyoviringana kama mpira.

Tahadhari pia na maandishi yanayodai plastiki inaoza. Ipo iliyotiwa viambato vya kuifanya imeguke haraka juani. Humeguka kweli, lakini kuwa vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Ipo nyingine inayotokana na mahindi au miwa, nayo huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60. Mtoni au kwenye shimo la nyuma ya nyumba itakaa muda mrefu sana.

Moto si jibu

Kuwasha jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni ni mazoea ya nyumba nyingi, na nasema hili nikijua kwamba mafuta ya taa yana bei. Moshi ule una masizi na sumu, na mwenye kuuvuta kwa karibu kuliko wote ni mama anayepuliza na mtoto aliye mgongoni. Plastiki ya PVC ikichomwa katika moto hafifu wa uwanjani hutoa dioksini, sumu zinazokaa mwilini kwa miaka. Vijiti vikavu, maganda ya mahindi au karatasi huwasha mkaa vilevile.

Kile kinachoweza kufanyika hapahapa

Mwaka 2018 huko Lamu fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndala zilizochakaa. Mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Sehemu ya simulizi hiyo ninayoithamini zaidi ni kwamba mbao za plastiki zilichongwa kwa maarifa ya mafundi walewale wa mbao za miti. Ujuzi ulikuwepo, malighafi ndiyo iliyobadilika.

Kihonda kuna VETA, kuna viwanda, kuna mafundi wa kuchomelea kila kona, na jirani kuna kampasi ya Mazimbu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2013 mradi wa Precious Plastic ulioanzishwa na Dave Hakkens wa Uholanzi umekuwa ukitoa bure michoro ya mashine ndogo za kusaga, kuyeyusha na kubana plastiki, na michoro hiyo inaweza kufuatwa na fundi anayejua kulehemu. Kikundi kinachotaka kuanza kianze na mashine ya kusaga. Vifuniko na madumu yaliyosagwa hubeba uzito mkubwa katika nafasi ndogo, nauli ya kuyapeleka Dar es Salaam inakuwa na maana, na bei huwa nzuri kuliko ya plastiki nzima. Kuyeyusha kuje baadaye, kwa namba 2 na 5 tu, mahali penye hewa ya kutosha. PVC isiingie kamwe, hata kipande.

Upande wa sera, mfano tunao dukani. Hakuna anayetupa chupa ya kioo ya soda mtaroni, kwa sababu bila kuirudisha hupewi nyingine, au unaacha fedha ya dhamana. Chupa ya plastiki ikiwekewa dhamana hata ndogo, watoto wangemaliza zote kabla ya magharibi. Nchi zinajadili mkataba wa dunia kuhusu plastiki tangu azimio lililopitishwa Nairobi tarehe 2 Machi 2022, na mazungumzo yamekuwa mazito. Dhamana ya chupa haihitaji kusubiri mkataba huo.

Mlimani na mtaroni

Wakulima wa mboga wa Mgeta na miteremko mingine ya Uluguru wako juu ya maji yetu sote. Chupa ya kiuatilifu ikiisha, isuuze mara tatu, na kila mara mimina suuzo ndani ya bomba la kupulizia lenye dawa inayokwenda shambani, si kwenye kijito. Kisha itoboe ili mtu asije akaitumia kuwekea mafuta au maziwa. Iweke mbali na watoto hadi muuzaji wa pembejeo au afisa ugani akuelekeze pa kuipeleka, na usiiuze kwa mwokota chupa.

Kwa wa chini, kazi kubwa ni Januari na Februari, kabla ya masika. Katika usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tope na plastiki vinavyozolewa mtaroni huachwa ukingoni vikisubiri gari, na mvua ya kwanza huvirudisha vyote ndani. Pangeni gari kwanza ndipo mzoe. Ikiwa mtaro wenu unaingia Ngerengere, wavu wa chuma wenye matundu ya ukubwa wa ngumi unaweza kunasa chupa na mifuko kabla ya mto, lakini usifungwe kienyeji. Wavu usiosafishwa baada ya kila mvua hujaa, na maji yatapanda hadi kwenye vyumba vya watu. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa na afisa afya wa kata. Kwa jambo lolote linalogusa mto wenyewe, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo hapahapa Morogoro. Andikeni majina ya watu wawili wa zamu kwa kila mvua, wawe na reki ndefu na viatu vya mpira, na msimamo uwe kwamba siku zamu ikikosa watu, wavu unatolewa.